Kutembea Tawi la Wendover: mwongozo kamili wa kuusoma mfereji uliokauka katikati

Tawi la Wendover lina urefu wa kama kilomita 11. Linachomoza kwenye Grand Union Canal, mfereji unaounganisha London na Birmingham, linazunguka chini ya vilima vya Chiltern na kuishia katika mji mdogo wa Wendover. Lilifungwa mwaka 1904. Ukilitembea leo utaona maji mwanzoni, utaona maji mwishoni, na katikati utakanyaga ukingo wa shimo refu lenye nyasi. Mwongozo huu ni wa wewe uliye London, Luton, Reading au Milton Keynes, mwenye siku moja ya mapumziko na miguu mizima, na unayetaka kujua unachokitazama.

Wengi huanza Tring, upande wa mfereji mkuu, kwa kuwa ndiko mashua ziliko. Mimi nakushauri uanze Wendover. Tawi hili lilichimbwa kwa ajili ya maji kabla halijawa njia ya mashua, na maji yanaanzia Wendover. Ukienda nayo, kila kitu njiani kitajieleza chenyewe. Ukienda kinyume, utakuwa kama mtu anayesikiliza hadithi kuanzia mazishi.

Kabla ya yote: lilichimbiwa nini?

Mwaka 1793 Bunge la Uingereza liliruhusu kampuni ya Grand Junction Canal kuchimba mfereji, ndio huu ambao leo ni sehemu ya Grand Union, kutoka Braunston, katikati ya nchi, hadi Brentford kwenye mto Thames. Mhandisi wake mkuu alikuwa William Jessop. Kikwazo kilikuwa vilima vya Chiltern. Mashua hupanda kilima kwa loki: chumba cha mawe au matofali chenye malango mbele na nyuma, ambamo maji hujazwa mashua ipande au hutolewa ishuke. Kileleni, karibu na mji wa Tring, mfereji unakwenda tambarare kwa kama kilomita 5, kisha unashuka upande wa pili.

Sasa piga hesabu. Mashua ikivuka kilele hutoa maji ya loki moja upande huu na ya loki moja upande ule, na yote yanatelemka bila kurudi. Loki moja ya mfereji huu inabeba karibu lita 250,000. Fikiria matangi 250 ya lita elfu moja, yale meusi ya nyumbani, yakimwagwa upande mmoja wa kilima, na mengine 250 upande wa pili, kwa safari ya mashua moja. Mfereji wenye mashua nyingi kwa siku ungekauka kileleni.

Wendover kulikuwa na chemchemi na vijito vitokavyo chini ya vilima, na kwa bahati njema vilikuwa juu kidogo ya kilele cha Tring. Kampuni ikachimba mtaro wa kuyaleta maji hayo, ukafunguliwa 1797. Kwa kuwa mtaro ulihitajika kwa vyovyote, ukafanywa mpana ili na mashua zipite. Ndipo mtaro wa maji ukawa tawi la mfereji, na Wendover ikapata bandari yake.

Aliyekulia Machame au Marangu hahitaji kuelezwa zaidi: ni mfongo, ule mtaro wa Wachagga wa kuleta maji kutoka mlimani. Unaufuata mwinuko wa ardhi, unazunguka kila kilima badala ya kukipasua, na unashuka kidogo tu maji yaweze kutembea. Ndiyo maana kwenye ramani tawi hili limepinda kama nyoka aliyekanyagwa, na hapo mwanzo halikuwa na loki hata moja.

Ugonjwa wake ulikuwa ardhini. Vilima vya Chiltern ni mwamba wa chaki, na chaki hunywa maji. Wachimbaji waliusakafia mfereji kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa hadi ukawa kama unga wa chapati, lakini udongo huo ulipasuka na maji yakapenya. Mwishoni mwa karne ya 19 mambo yaligeuka kichwa chini: tawi lililochimbwa kuulisha mfereji mkuu likawa linaunyonya. Maji ya kilele cha Tring yalirudi nyuma, yakaingia tawini na kupotelea ardhini. Hatimaye wakajenga loki ya kuzuia karibu na Tringford ili kuliziba tawi lisiendelee kunyonya. Mwaka 1904 likafungwa.

Ila maji hayakuachishwa kazi. Shika hilo, tutalirudia njiani.

Maandalizi nyumbani

Tafuta ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, Explorer namba 181. Ndiyo inayolichukua eneo hili lote. Kwenye ramani mfereji wenye maji umechorwa kwa buluu. Fuata mstari huo kutoka Wendover na kalamu mkononi, uone unapokatika.

Kisha ingia kwenye tovuti ya ramani ya Maktaba ya Taifa ya Scotland. Ni bure. Wana ramani za zamani za Uingereza nzima, na unaweza kuweka ramani ya zama za Malkia Victoria upande mmoja na picha ya setilaiti upande wa pili, ukaisogeza moja na nyingine ikafuata. Tumia nusu saa hapo. Utaona maghala ya kando ya maji ambayo leo ni bustani za watu, na madaraja yaliyogeuka barabara tambarare. Nusu saa hiyo inazidi thamani kitabu chochote cha wageni, na kazi hiyo hiyo utaifanya kwa tawi lolote lililokufa. Kwa mfano, lile la Buckingham lianzialo Cosgrove karibu na Milton Keynes: lilifunguliwa 1801, na leo sehemu kubwa yake ni mtaro tu mashambani.

Usafiri una mtego mmoja. Wendover na Tring ziko kwenye reli mbili tofauti. Treni ya Wendover inatoka Marylebone, ya Tring inatoka Euston. Ukikata tiketi ya kwenda na kurudi Wendover, utakuwa umelipia safari usiyoirudia. Kata tiketi mbili za kwenda tu.

Viatu viwe vya matope, si raba nyeupe. Kipupwe chao si chetu: kuanzia Novemba njia inakuwa tope la kuteleza, na Desemba ikifika saa kumi jioni jua limeshazama. Miezi mizuri ni Aprili hadi Oktoba, ingawa wakati wa majani mengi huwezi kuuona vizuri mtaro mkavu. Machi mwanzoni ndiyo siri yangu: miti bado mitupu, na umbo la mfereji liko wazi kama mifupa. Beba chakula na maji ya kunywa. Vijiji vipo, lakini duka utakalolikuta limefungwa ni lile uliloliwekea matumaini.

Kwa mwendo wa kawaida, pamoja na kutoka stesheni ya kwanza na kufika ya mwisho, ni kama kilomita 14. Zitengee saa tano, kwa sababu utasimama sana.

Kutoka stesheni hadi kwenye maji

Ukishuka Wendover, telemka barabara kuu ya mji hadi chini kwenye mnara mdogo wa saa. Hapo geuka kushoto, fuata barabara ya Aylesbury, kisha utafute Wharf Road upande wa kulia. Jina hilo ndilo alama yako ya kwanza: wharf ni gati, na barabara ya gati katika mji usio na bahari wala mto wa maana ina jambo la kukueleza. Mwisho wake utauona mfereji ukianza ghafla, kati ya nyumba, maji yakiwa maangavu kabisa.

Simama. Usianze kutembea bado. Tazama chini, uone jinsi maji yalivyo safi. Hayo ni maji ya chemchemi ya chaki, yaliyochujwa na mwamba. Dondosha jani majini na ulisubiri. Litajongea, polepole sana, kuelekea unakokwenda. Mfereji wa kawaida hauna mkondo wa kuonekana. Huu unao, kwa sababu kiini chake ni mtaro.

Wendover hadi Halton

Njia unayoikanyaga ilikuwa ya farasi. Mashua zilivutwa kwa kamba, farasi akitembea ukingoni, ndiyo maana njia iko sawa na maji na haiachani nayo. Kipande hiki ni cha starehe: miti imeinama, mdiria akipita utaona mmweko wa buluu tu, na watu wa kijijini wanatembeza mbwa. Wasalimie. Kiingereza cha njiani ni neno moja, "morning", hata ikiwa saa saba mchana.

Upande wa magharibi, nje ya upeo wa macho yako, kuna bwawa la Weston Turville. Liweke akilini. Kampuni ilipoyachukua maji ya vijito, wenye vinu vya kusagia nafaka walibaki na magurudumu makavu, wakalalamika, na kampuni ikalazimika kuwachimbia bwawa la kuwafidia. Kugombania maji hakukuanzia kwetu.

Halton utakuta daraja la chuma lenye nakshi, zuri kupita haja ya kijiji kama hiki. Ni alama ya akina Rothschild, ukoo wa wenye benki waliokuwa na jumba na ardhi hapa. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia mali hiyo ikachukuliwa na jeshi la anga, na kambi ya RAF Halton ikakua pembeni ya mfereji.

Jifunze jambo moja chini ya daraja lolote la zamani hapa: mfereji unabanwa. Kabla ya daraja ni mpana, chini yake unakuwa mwembamba kiasi cha mashua moja tu, kisha unapanuka tena. Daraja fupi ni daraja rahisi, kwa hiyo wajenzi waliubana mfereji wapunguze gharama. Ukiwa mahali pakavu kabisa na ukaona mtaro umebanwa ghafla halafu umepanuka, jua kulikuwa na daraja hapo, hata kama hakuna tofali lililobaki.

Halton hadi Drayton Beauchamp

Hapa usikimbie, ingawa mandhari yanachosha kidogo. Unapita kandokando ya Aston Clinton, unapita chini ya barabara mpya ya A41 yenye ngurumo, unaendelea kwenye mashamba. Jambo la kutazama ni kina. Maji yanazidi kuwa machache, matete yanaingia kutoka pande zote, na usawa wa maji uko chini ya ule wa zamani. Utaujua usawa wa zamani kwa kutazama kingo: pale ambapo ukingo wa juu ulipo, juu ya maji ya leo, ndipo mashua zilipoelea.

Karibu na Drayton Beauchamp maji yanaondoka kwenye mfereji. Yanaingia kwenye bomba na kutelemka hadi bwawa la Wilstone, upande wako wa kushoto, lililojengwa 1802. Hapa ndipo inapoeleweka ile kauli ya kwamba maji hayakuachishwa kazi. Chemchemi za Wendover hadi leo zinaulisha mfereji mkuu, ila kwa mlango wa uani. Maji yake yanakusanywa bwawani, na pampu ya Tringford, ambayo ilianza na mashine za mvuke na sasa inaendeshwa kwa umeme, inayapandisha tena hadi kileleni. Kilichokufa ni njia ya mashua.

Ukiwa na muda, telemka hadi Wilstone ukarudi. Ndege ni wengi, na mabwawa haya ya Tring yana historia yao: mwaka 1938 kitwitwi mdogo mwenye ukosi mweusi alitotoa hapa kwa mara ya kwanza kuonekana Uingereza.

Kipande kikavu: Drayton Beauchamp hadi Little Tring

Hii ndiyo sehemu niliyokuletea. Mahali hasa maji yanapoishia hubadilika, kwa kuwa kazi ya ukarabati inaendelea na kila hatua ikikamilika maji yanaruhusiwa kusogea mbele. Usishangae kama picha uliyoiona mtandaoni ina nyasi na wewe unaona maji.

Mahali pakavu, tazama mambo haya. Umbo kwanza: shimo pana lenye sakafu bapa na kingo mbili za mteremko. Mtaro wa kawaida wa shamba una umbo la V, huu una umbo la sinia. Kisha usawa: geuka utazame nyuma, utaona sakafu haipandi wala haishuki hata kilima kikikata kona. Kisha mimea: mahali udongo wa mfinyanzi uliposalia, unyevu hukaa na matete huota, hata bila maji ya kuonekana. Mahali chaki ilipojitokeza, nyasi ni fupi na kavu. Kwa maneno mengine, magugu yanakuchorea ramani ya uvujaji.

Usishuke ndani ya mtaro penye uzio au mashine. Ni eneo la ujenzi, na kingo zilizochimbwa juzi huporomoka. Na kuna mmea wa kando ya njia wenye majani ya msumeno, ndugu wa upupu kwa tabia. Ukikugusa, utalikumbuka tawi la Wendover hadi kesho yake asubuhi.

Jumuiya ya wanaolifufua tawi hili, Wendover Arm Trust, ilianzishwa 1989. Kazi yao yote ni kujibu swali lililowashinda wa kale: utazuiaje chaki isinywe? Wanachofanya ni hivi. Wanaondoa miti na takataka, kisha wanachimba sakafu na kuzichonga kingo hadi zipate mteremko sawasawa. Jiwe lenye ncha likibaki linaweza kuharibu kila kitu, kwa hiyo sehemu hii wanaipigia mstari. Halafu wanatandika mkeka maalumu: vitambaa viwili vigumu, na katikati yake unga wa bentonaiti, udongo wa mfinyanzi unaovimba ukipata maji. Mkeka mmoja unalalia mwingine kama mabati ya paa, na kwenye maungio wananyunyiza unga wa ziada. Pembeni wanapanga matofali ya zege kuushika mkeka na kuukinga na mashua. Sakafuni wanarudisha udongo juu yake, uukandamize. Maji yakiingia, bentonaiti inavimba na kujiziba yenyewe, hata penye tundu dogo.

Kwa hiyo dawa ni ile ile ya 1797, udongo wa mfinyanzi. Tofauti ni kwamba sasa unakuja umefungwa ndani ya kitambaa.

Wafanyakazi wengi ni wa kujitolea, na wengi wao wastaafu. Ukitaka kushiriki, huhitaji ujuzi. Waandikie kabla kupitia tovuti yao, uulize siku za kazi. Vaa buti zenye chuma vidoleni na nguo usizozionea huruma. Funika kila mkwaruzo kwa plasta isiyopitisha maji na unawe kabla ya kula, kwani mkojo wa panya kwenye maji ya mifereji unaweza kukuletea homa ya leptospira. Ukipata homa kali siku au wiki chache baadaye, mwambie daktari kwamba ulikuwa kwenye mfereji. Usimwache akisie. Na chai yao utaipata bila kuomba, ya maziwa, nyepesi. Mpenda tangawizi aibebe mwenyewe.

Little Tring hadi Bulbourne

Daraja la Little Tring lilijengwa upya 2001, baada ya la zamani kubomolewa. Hatua hiyo ilifungua mlango: mwaka 2005 mashua ziliweza kufika hapa tena, na likachimbwa ghuba la kugeuzia. Lipime kwa macho. Mashua ndefu za mfereji huu zinafika mita 21 na mfereji wenyewe hauna upana huo, kwa hiyo bila ghuba mashua ikiingia ingelazimika kurudi kinyumenyume.

Kuanzia hapa tawi liko hai. Utapita karibu na pampu ya Tringford, na mabaki ya ile loki ya kuzuia. Utapita kwenye kinu cha unga cha Tring, ambacho bado kinasaga ngano, ingawa malori ndiyo yanayobeba sasa. Enzi zake kilikuwa na mashua zake, na jirani yake kulikuwa na karakana ya kuziunda.

Tawi linakutana na mfereji mkuu Bulbourne. Geuka kushoto kwanza, hatua chache, hadi loki ya juu kabisa ya ngazi ya Marsworth. Usilichanganye tawi la Aylesbury, ambalo linaanzia chini zaidi, huko Marsworth: hilo lina loki 16 na liko hai. Kaa kwenye boriti ya lango kama hakuna anayeitumia, ngoja mashua ije. Watafungua vipande vya lango kwa mpini wa kuzungusha, na utasikia lita 250,000 zikinguruma kwenda chini. Mtoto wa mashuani akikuomba umsaidie kusukuma boriti, sukuma kwa mgongo, si kwa mikono.

Kisha rudi ulikotoka, uipite njia panda na ufuate mfereji mkuu kuelekea kusini. Utaingia kwenye bonde la Tring lililochimbwa kwa majembe na mikokoteni, lenye kingo ndefu za miti na giza hata mchana. Kilomita mbili na kitu hivi, na daraja la stesheni litakuwa juu yako. Usiingie Tring mjini kutafuta treni: stesheni iko mbali na mji, mwendo wa zaidi ya nusu saa kwa miguu, na huku mfereji umekushusha mlangoni pake.